Pasi ya Shangazi

Mwandishi wetu tunamwita Madoa, na jina hilo hakusingiziwa. Mashati yake karibu yote yana alama ya pasi: lingine mgongoni, lingine mkononi, lingine palepale kifuani ambapo hata tai haifichi. Ofisini tulimcheka mpaka tukachoka. Mimi nilidhani ni uzembe tu.

Huyu Madoa ndiye anayeandika hadithi zote tatu za mashujaa katika kampuni yetu ya katuni, na jamani, usingeamini kwamba ni mkono mmoja. Mama Kufuli, yule mwanamke anayefungua chochote kwa kukigusa, ni moto wa kuotea mbali. Watu wazima wanaisoma huku wakijifanya wamewanunulia watoto. Askari Kivuli inapanda na kushuka, toleo hili tamu, linalofuata limechacha. Halafu kuna Kipanga, shujaa mwenye mabawa. Anapaa, anapiga majambazi, anatua, kwisha habari. Na nani anachora Kipanga? Mimi hapa.

Nachora manyoya mpaka vidole vinakakamaa, halafu kwenye viputo vya maneno naletewa "Simama, mwovu wewe!" Mwenzangu wa meza ya dirishani, anayechora Mama Kufuli, hata mikono hajui kuchora; watu wake wote wameitia mfukoni. Lakini yeye ndiye anayepewa hadithi. Roho iliniuma, sifichi.

Mhariri aliponiita nilijua kuna jambo. Alisema wasomaji wameichoka Kipanga, limebaki toleo moja tu, na wasiposhtuka safari hii, hadithi inafungwa na mchoraji wake hana meza nyingine ya kukalia. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha. Mama yangu ananitegemea, na kazi nyingine siijui. Unga ulikuwa unamwagika nikiuona kwa macho.

Nikabeba kurasa zangu za penseli, nikamfuata Madoa kwao alasiri hiyohiyo, hasira zimenifika kooni. Sikumkuta, ametoka kununua sabuni. Aliyenifungulia ni shangazi yake, mama mnene wa mwendo wa taratibu, ndiye aliyemlea. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akaniambia niketi, mwenyewe anarudi sasa hivi. Kisha akarudi kwenye meza yake ya kupigia pasi, palipokuwa na rundo la mashati.

Nikaitazama pasi, nikayatazama mashati, nikamuuliza kwa utani kama yeye ndiye adui wa nguo za mwanawe. Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akasema kosa si lake, ni la kijana na hadithi zake. Yeye akipiga pasi, Madoa humsomea Mama Kufuli, na pakifika mahali patamu mkono husahau kazi. Nguo ikinuka kuungua, Madoa hushangilia na kufungua ukurasa mwingine. Isiponuka, hufuta na kuanza upya. Na Askari Kivuli humsomea akipata nafasi.

"Na Kipanga?" nikauliza.

"Kipanga ndiye nani?"

Hasira zikapanda upya. Kumbe hadithi yangu haijawahi hata kufikishwa mbele ya pasi! Nikazitandaza kurasa kwenye kochi, nikamsomea mwenyewe, pamoja na huyo mwovu anayeambiwa asimame. Pasi ilikwenda na kurudi, shati likanyooka, doa hakuna. Nikafika mahali Kipanga amesimama ukingoni mwa ghorofa kabla hajaruka. Shangazi akaisimamisha pasi pembeni, akaja kuutazama mchoro. Akauliza kama haogopi. Nikamjibu kwamba ni shujaa.

"Na mkewe yuko wapi?" akasema. "Mtu akiwa juu namna hii, kuna mwenzake chini amekaza shingo. Mume wangu alikuwa anapaka rangi maghorofa. Nikimpelekea chakula nasimama pale chini, sipumui mpaka ashuke. Siku moja hakushuka kwa ngazi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikageuka, Madoa yuko mlangoni na sabuni zake, ananitazama kama mtu aliyekuta nyumba yake imevunjwa. Hapo nikaelewa kila kitu. Hakunidharau mimi. Kipanga alikuwa anaiandika ofisini, peke yake, harakaharaka, ili habari za kuruka na kuanguka zisisikike katika nyumba hii. Akaja kuzikusanya kurasa huku akimwomba shangazi yake radhi, na mimi nikawa namwomba radhi yeye.

"Ziache hapo," Shangazi akasema. "Huyu umeninyima kwa nini? Kaa uandike."

Tukakaa sakafuni wote wawili. Shangazi alisimulia, Madoa akaandika, mimi nikamchora mwanamke aliyesimama barabarani na kikapu, uso juu. Yote yalipokuwa tayari, Shangazi akashika tena pasi yake na Madoa akaanza kusoma. Sasa majambazi walikuwa wachache na kimya kilikuwa kingi. Mwishoni Kipanga anawaokoa watu wa ghorofani, anafungua mabawa ili aruke, na kutoka chini kabisa kinapanda kiputo kimoja kidogo: "Leo shuka kwa ngazi." Naye anayakunja mabawa na kushuka, orofa moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni alipo mkewe.

Kisha harufu ikatufikia. Shangazi alikuwa amesimama machozi yanamtiririka, na shati la Madoa linafuka moshi.

Kipanga haikufungwa, meza yangu ninayo, na mama yangu analala bila wasiwasi. Askari Kivuli bado inachacha mara kwa mara, Madoa ni Madoa. Lakini nawashukuru wote wawili, Madoa kwa kumlinda shangazi yake, na Shangazi kwa kukataa kulindwa. Siku hizi naenda pale na kurasa zangu, na nguo zangu pia, maana Shangazi hataki nipige pasi mwenyewe. Blauzi yangu nzuri kuliko zote ina doa begani. Mwenzangu wa dirishani ananicheka, nami naivaa hivyohivyo.