Kilo Kumi za Lemburis

Hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Lemburis alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushusha mguu wa kulia sakafuni taratibu, akasimama. Maumivu yakaanzia kisiginoni, yakapita uvunguni mwa unyayo hadi kwenye vidole, kama uzi uliovutwa ukabakiza kidogo tu kukatika.

"Bwana," alinong'ona gizani, "nimeshasema mbele ya watu. Unishikie tu huu mguu."

Ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Mdogo wake wa tumbo moja, Sinyati, alikuwa amelala chumba cha pili. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili, na mara tatu kwa wiki alishuka mjini kusafishwa damu kwa mashine. Ndugu walipimwa wote. Aliyefaa kumpa figo alikuwa Lemburis peke yake. Lakini daktari alimpandisha kwenye mzani, akatikisa kichwa.

"Figo yako nzuri, mzee. Tumbo ndilo halinifurahishi. Kilo tisini na sita! Uje mwisho wa Agosti ukiwa na themanini na sita, hapo tutazungumza habari za upasuaji."

Kilo kumi, miezi mitatu. Kwa mtu aliyekaa kwenye cherehani pale sokoni Ngaramtoni miaka thelathini, akikanyaga pedali na kunywa chai ya maziwa, huo ulikuwa mlima.

Basi Jumapili ile ya mwisho wa Mei alifika kanisani na jogoo. Ibada ilipokwisha, watu walitoka nje kwenye mnada wa sadaka kama kawaida, penye mayai, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu. Mzee Gadiel, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa akinadi. Lemburis, mtu wa maneno machache, alimwinua jogoo wake na kusema kwa sauti kwamba anaweka nadhiri: siku arobaini atapanda kwa miguu hadi geti la msitu, bila kuruka hata moja, ili Mungu ampunguzie kilo kumi kwa ajili ya Sinyati.

"Haya, waumini!" Mzee Gadiel alipaza sauti. "Jogoo anauzwa mzima, na Lemburis anauzwa kwa kilo!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Lemburis akasikia neno lake limepigiliwa mbinguni.

Kesho yake alivaa raba za mtumba na kupanda mlima moja kwa moja hadi getini. Wauza maziwa waliokuwa wakishuka walimtania, "Baba, unamkimbia nani?" Naye alijibu, "Namkimbia Lemburis." Wiki ya pili akapungua kilo tatu. Wiki ya tatu, unyayo ukaanza.

Sinyati alimwona akichechemea, akamlazimisha kwenda kwa Anande, binti wa mazoezi ya viungo kwenye zahanati moja pale mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

Anande alibonyeza unyayo kwa kidole gumba. Lemburis akaruka nusu atoke kitandani.

"Kabla ya mazoezi haya ulikuwa unatembea?"

"Toka nyumbani hadi kwenye cherehani."

"Na siku ya kwanza ukapanda mpaka msituni? Na hizi raba?" Alizigeuza. Soli zilikuwa bapa kama chapati. "Baba, kuna utando chini ya unyayo, ndio unaobeba mwili. Umeushtua. Pumzika wiki mbili. Viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, unyooshe vidole kabla hujashuka kitandani. Ukianza tena, anza na dakika kumi, kwenye tambarare. Bado utabaki na karibu wiki nane. Zinatosha."

"Nimeweka nadhiri."

"Hata mimi nasali, baba. Lakini unyayo haujui nadhiri."

Usiku ule Sinyati alimsihi. "Nenda kwa Mzee Gadiel, akufungue nadhiri."

"Watu watasemaje? Lemburis alimwahidi Mungu mbele ya jogoo, halafu akageuka?"

"Jogoo ameshaliwa, kaka."

Alicheka, lakini hakwenda. Kulipokucha aliufunga mguu kwa kitambaa, akapanda.

Siku ya ishirini na saba kulikuwa na baridi na manyunyu, ukungu umeufunika Mlima Meru wote. Alipokuwa akishuka kutoka getini alisikia mchaniko mdogo chini ya mguu, sauti aliyoijua vizuri, ya kitambaa kinachochanwa kwa mkono. Akakaa kwenye tope. Mwenye bodaboda alimrudisha nyumbani.

Utando ulikuwa umekatika. Walimvalisha kiatu kigumu hadi gotini na kumpa magongo. Hakuna kutembea, hakuna pedali. Na kama ilivyo desturi, mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Wamama wa jumuiya walileta loshoro, mahindi yaliyopondwa kwa maziwa mgando, wakaleta ndizi za nyama na mtindi kibuyu kizima, wakakaa kumtazama akila. Kukataa chakula cha mtu aliyekuja kukuombea ni kumtukana. Lemburis alikula huku machozi yanamlenga.

Mzee Gadiel naye alikuja. Alivua kofia, akaketi.

"Ungeniambia," alisema. "Mwaka juzi nilimfungua mama mjamzito aliyeahidi kufunga siku saba. Dakika mbili tu, tukasali, akaenda kula. Sisi tulikucheka kwa furaha, Lemburis. Hakuna aliyekuwa akikuhesabia siku."

Lemburis aligeukia ukuta.

Mwisho wa Agosti alipanda mzani kwa mguu wa kushoto, wa kulia ukigusa tu. Daktari alisoma mara mbili. Tisini na nne.

"Tutaangalia tena baada ya miezi mitatu," alisema, kisha akamtazama Sinyati, uso wake uliovimba na mkono wenye alama za sindano.

Walitoka nje. Barabarani watu walipita kwa haraka, kila mmoja na lake. Lemburis alitaka kuomba msamaha, akakuta hata sala yake haina maneno. Akaegemea gongo, akapiga hatua, akasimama, akapiga nyingine.

"Taratibu, kaka," Sinyati alisema. "Sina haraka."

Na yeye, aliyekuwa na haraka kuliko mtu yeyote katika barabara ile, akapunguza mwendo ili amngoje.