Tumempoteza Khalil

Neno lenyewe Tekla alilisikia mara moja tu, akalipokea kwa namna iliyomfaa yeye. Siku hiyo alikuwa Temeke dukani kwa Mzee Mashaka, anayeuza sufuria na makarai. Zamani mzee huyo ndiye aliyekuwa akiipigia drams bendi ya Kimbunga, wale vijana wa miaka ya sabini waliovaa suruali za bugaluu na kupiga roki kwa Kiswahili mpaka mabati ya ukumbi yakalia. Tekla alimuuliza habari za Khalil, mcharaza gitaa la solo. Mzee akaiweka chini sufuria aliyokuwa akiifuta.

"Khalil? Tumempoteza siku nyingi, mwanangu."

Hapo akaingia mteja kuulizia karai, mzee akainuka kumhudumia. Tekla akaandika kwenye daftari lake: marehemu. Hakuuliza alikufa lini wala alizikwa wapi. Wakati wa kuagana mzee alimwambia apite tena wiki ijayo, kwa kuwa yapo mengine angependa kumweleza wakiwa wametulia. Tekla akaitikia, na asirudi.

Alikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo ya Kinondoni, mwenye kipindi cha Jumapili mchana. Roki aliijua kabla hajajua kusoma. Baba yake, karani aliyetoka Bukoba, kila wakitoka kanisani alikuwa akiweka santuri na kuwaambia wanawe wanyamaze wasikilize. Kimbunga walirekodi nyimbo nne tu, wakasambaratika. Lakini katika mojawapo, solo ya Khalil, isiyofika hata dakika moja, iliingia vidoleni mwa watu na haikutoka tena. Ukipita leo kwenye baa au kwenye kwaya za Kinondoni utaisikia, wapigaji wenyewe wakiwa hawajui wameirithi kwa nani. Hilo ndilo lililomfanya Tekla aandae sherehe ya kuwaenzi magwiji hao, Jumamosi alasiri, katika ukumbi karibu na Mwenge.

Jumapili iliyotangulia sherehe alisoma wasifu wa Khalil hewani. Alisema pombe ndiyo iliyommaliza. Alisema alikufa peke yake katika chumba cha kupanga, gitaa likiwa limeshauzwa. Hayo hakuyatoa kwa Mashaka wala kwa mtu mwingine yeyote. Alikuwa amesoma maisha ya wapiga gitaa wengi wa ng'ambo hata akaona kama wote wana njia moja tu ya kufa. Alisoma kwa sauti nzito, mwenyewe akatokwa na machozi, na ujumbe wa wasikilizaji ukamiminika. Bosi wake, Benson, alimpongeza mbele ya wenzake.

Jumanne asubuhi simu ya ofisini ikalia. Sauti ya mtu mzima ikamsalimu kwa utaratibu na kuuliza kama huyo ndiye Tekla wa kipindi cha Jumapili.

"Mimi Khalil," ikasema. "Nimesikia nimekufa."

Tekla alidhani ni mzaha. Mzee akamtajia majina ya wenzake wote wa bendi, chumba walichorekodia, na hata jina la fundi mitambo. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba anaishi Temeke, ana duka la vipuri vya baiskeli, na angeshukuru kama jambo hilo lingewekwa sawa. Simu ilipokatika Tekla alibaki ameishika.

Angeweza kusema ukweli siku ile ile, na ungemgharimu nusu ya aibu iliyokuja kumkuta. Lakini Benson alikuwa na wasiwasi na wadhamini wa sherehe, naye Tekla alikuwa na wasiwasi na jina lake. Jioni, baada ya taarifa ya habari, alisoma sahihisho la sekunde ishirini: gwiji Khalil yu hai, na kituo kinasikitika kwa kupotoshwa na mtoa habari wake, mpiga drams wa zamani Mashaka. Alilisoma haraka haraka. Usiku alilala vizuri, na siku za baadaye hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote, kwamba alilala.

Alhamisi alinunua sukari na kilo tano za mchele akaenda kumwomba radhi Khalil na kumwalika Jumamosi. Duka aliliona kwa urahisi, matairi yametundikwa mlangoni. Mzee Khalil alikuwa mwembamba, mwenye kanzu na miwani iliyofungwa uzi. Akamkaribisha ndani. Kwenye benchi, karibu na masanduku ya cheni, alikuwa amekaa Mzee Mashaka.

Tekla aliwaamkia. Khalil akaitikia marahaba. Mashaka alimtazama tu.

Binti wa Khalil, Maisa, mwalimu wa chekechea, alileta chai akaondoka. Tekla alianza hotuba aliyoiandaa, kwamba wazee wetu ni hazina, kwamba kosa limetokea kwa nia njema. Khalil alimwacha amalize. Kisha akamweleza, taratibu, kwamba kufa hakukumuudhi, kila nafsi itakufa. Gitaa aliliacha kwa sababu mkewe aliugua na duka lilitaka mtu, basi, hakuna kisa kingine. Yeye na Mashaka walipotezana miaka kumi na minane, kila mmoja akidhani mwenzake kahama mji, kumbe wametengana mitaa minne. Jumatatu, baada ya kusikia redio, Mashaka alizunguka mitaani kuuliza kaburi liko wapi, akaangukia kwenye duka lile.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Lakini pombe, binti yangu. Baba yangu aliniona napiga muziki kwenye kumbi, akaamini nakunywa. Nilimwapia, hakunikubali, akaondoka duniani nalo hilo moyoni. Tangu hapo nimelifuta hapa mtaani kidogo kidogo, kwa miaka arobaini. Wewe umelirudisha kwa dakika tatu. Jana msikitini mtu niliyezoea kusimama naye safu moja amenusa nilipopita."

Tekla alitamani ardhi ipasuke. Sukari na mchele vilikuwa miguuni pake, na ghafla akaviona vidogo, kama vitu vya kumbembelezea mtoto.

"Mimi nimeshasamehe," akasema Khalil. "Mwenye madai ni huyu."

Mashaka alikohoa. Akasema kwamba tangu Jumanne jirani zake wanamwita muuaji kwa utani, na mjukuu wake kamuuliza kwa nini alisema uongo redioni. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mie nilikwambia tumempoteza. Mtu aliyepotea hutafutwa. Nikakwambia urudi."

"Nisamehe, baba."

"Usiniombe humu ndani. Humu hukunisemea. Kaseme ulikosemea."

Tekla alirudi Kinondoni na mchele wake. Benson alipoambiwa kwamba anataka kukiri hewani alikataa. Alisema watu wameshasahau na kwamba kuchokonoa kidonda ni kujitafutia usaha. Tekla alikaa na hilo Ijumaa nzima, na mara mbili alikubaliana naye.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja wazee waliowahi kucheza nyimbo za Kimbunga, na vijana wenye fulana nyeusi. Mashaka alikuja na suti ya zamani, akaketi mbele. Khalil alikuja pia, akakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Sherehe ilikuwa ikirushwa moja kwa moja. Tekla alipanda jukwaani kufungua, akaikunja karatasi ya ratiba.

"Mzee Mashaka hakunipotosha," akasema, na sauti yake akaisikia ngeni katika spika. "Hakuniambia Mzee Khalil amekufa. Sikuuliza. Habari ya pombe niliitunga mimi mwenyewe, Mzee Khalil hajawahi kuionja. Na Jumanne, nilipojua, nikamsingizia Mzee Mashaka ili nisalimike. Nawaomba radhi wote wawili."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akaguna, na simu zikainuliwa kumpiga picha. Tekla alishuka ngazi akiwa hajui mikono aiweke wapi. Alipita mbele ya Mashaka, mzee akaitikia kwa kichwa mara moja, kama fundi anayekubali kazi iliyorudiwa.

Muziki ukaanza. Mashaka aliombwa akae kwenye drams na kundi la vijana, na mpiga solo alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili aitwaye Hope, aliyejifunza gitaa kanisani. Walipofika kwenye solo ile, Hope aliipiga nota kwa nota. Kuna mahali gitaa linakata ghafla, linapumua, halafu linarudi kwa chini. Vijana wote wa mji hukata pale pale.

Tekla alikuwa amejibanza nyuma kwa aibu, na akajikuta hatua mbili kutoka kwa Khalil. Mzee alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Pale waya ulinikatikia," akasema polepole, bila kugeuka. "Tulikuwa tumelipia saa moja tu ya studio, nikaendelea na nyuzi tano. Miaka yote naisikitikia ile sehemu. Na huyu mtoto kaipiga hivyo makusudi?"

"Wote wanaipiga hivyo, mzee. Wanaona ndiyo ufundi wenyewe."

Solo ilipokwisha, na watu wakasimama kupiga makofi wakidhani mwenyewe hayupo, Khalil aliangalia saa, akatoka kuwahi swala ya Magharibi. Tekla angeweza kumtangaza. Safari hii alimwacha aende kama alivyotaka.

Kipande cha video cha Tekla akikiri kilizunguka kwenye simu kwa wiki mbili, watu wakimwita mtangazaji aliyeua mtu. Benson alimwondoa kwenye kipindi cha Jumapili, akampa kusoma bei za vyakula za soko la Tandale kila alfajiri. Tekla hakulalamika. Maisa alimtumia ujumbe kumwambia kwamba msikitini Temeke yule mtu wa safu moja alimshika mkono Khalil na kumwomba msamaha.

Hope sasa huenda dukani kila Jumatano, na Khalil humfundisha akiwa ameshika spana mkono wa pili. Mashaka naye huwepo. Tekla amepita mara tatu kuwasalimia. Khalil humpa kiti. Mashaka huitikia shikamoo yake, kisha hunyamaza mpaka aondoke, na Tekla hajaona bado kwamba ana haki ya kumtaka zaidi ya hapo.