Goti la Fundi wa Kushoto

Fundi alikuwa amekwishafungua boliti sita kati ya nane, amezipanga kwenye kitambaa juu ya meza ndogo kwa mfuatano ule ule zilivyotoka, na sasa alikuwa anahangaika na ya saba. Alikuwa ameketi kwenye stuli yenye magurudumu, chini ya bawa la ndege iliyoinuliwa kwa jeki. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Wa kushoto ulikuwa umekunjika gotini, kisigino kinakaribia kugusa tako, na hii ilikuwa siku ya tatu haujanyooka.

Pale karakana walimwita Fundi wa Kushoto kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa mguu wa kushoto wa ndege hiyo. Wa kulia ulikuwa na fundi wake. Katika mwaka wa tatu, goti lake lilianza kuifuata ndege. Ndege ikipaa na kukunja magurudumu, mguu wake nao ulikunjika, popote alipokuwa. Ndege ikiyashusha ili itue, ulinyooka. Safari zilikuwa tatu kwa siku, kila moja dakika hamsini. Mkuu wa karakana aliagiza stuli. Mkewe alibandika ratiba ya ndege jikoni, akawa anapakua chakula kwa kuitazama, na siku safari ya jioni ikichelewa alimwambia, "Kaa, mume wangu. Ukijifanya shujaa utaniangukia na sahani." Daktari wa kampuni alilichunguza goti akaandika kuwa ni goti.

Siku ya tukio, saa tisa na dakika ishirini alasiri, fundi alikuwa anakunywa chai huku akisubiri kunyooka. Goti likafunguka robo, likarudi. Likafunguka robo tena, likarudi. Mara ya tatu halikufika hata robo, lilitetemeka, likarudi. Akaweka kikombe chini, akangoja mara ya nne. Haikuja. Baada ya muda ving'ora vikalia.

Ndege ilitua kwa mguu wa kulia na wa mbele. Bawa la kushoto liliachwa hewani mpaka kasi ikaisha, kisha likalazwa chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Abiria arobaini na wanne walishuka kwa miguu yao. Mmoja alipoteza kiatu.

Aliyekuwa anairusha ni rubani msaidizi, binti wa miaka ishirini na sita mwenye saa mia sita za kuruka. Pembeni yake aliketi rubani mkuu mwenye saa elfu kumi na nne. Rubani mkuu alieleza kwamba wakati ule alikuwa ameinamia karatasi, na hakumwona binti akiuvuta mkono wa kushushia magurudumu. Kufikia jioni redio ilikuwa inajua sababu, na watu wa karakana walikuwa wamempa binti jina: Saa Mia Sita.

"Uzoefu haununuliwi dukani," alisema fundi wa kulia kantini.

"Vipuri je?" akauliza fundi rangi.

"Vipuri vinanunuliwa."

"Mara ya mwisho umeona kifurushi kipya lini?"

Fundi wa kulia akatafuna. "Mimi nasema lisemwalo lipo."

"Na lisilosemwa?"

Mkuu wa karakana akaingia na sinia yake, na wote wakainamia sahani zao.

Boliti ya nane ilitoka. Fundi akaivuta silinda, akauchokoa mpira wa mviringo unaozuia mafuta yasivuje. Mafuta ndiyo yanayousukuma mguu wa ndege chini. Yakiisha, hakuna kinachosukuma. Mpira ulikuwa umefifia na kukakamaa upande mmoja. Fundi aliukumbuka. Miezi miwili nyuma mkuu alimletea katika kifurushi kilichokwisha kufunguliwa, akamwambia, "Mpya huu, Mzee, funga, ndege inaruka saa tatu." Fundi aliugusa, akahisi haukuwa mpya. Nyuma ya karakana ilisimama ndege kuukuu iliyokatazwa kuruka, nao waliiita Shangazi, kwa sababu kila aliyepungukiwa alikwenda kuomba kwake na hakurudi mikono mitupu. Fundi alidhani mpira ulitoka huko. Lakini kudhani hakukuwa na nafasi kwenye fomu. Nafasi ilikuwa ya saini, akaijaza.

Sasa alitoa wembe, akaukata mpira alama ndogo ukingoni. Hivyo ndivyo alivyoufanyia kila mpira aliouondoa, usije ukarudishwa kwa bahati mbaya. Akautia kwenye mfuko, akaufunga kwa pini mbili za stepla, akaupeleka ofisini kwa mkuu.

"Umefanya vizuri," mkuu akasema, akaufungia kwenye droo.

Tume ilikaa siku ya kumi na mbili, katika chumba cha mikutano. Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye adabu, aliyenyoosha kila karatasi kabla ya kuisoma. Fundi alipandishiwa stuli yake. Binti aliketi ng'ambo ya meza, amevaa sare, mikono juu ya magoti.

"Fundi, goti lako lina cheti cha ukaguzi?"

"Halina, mheshimiwa."

"Lilichunguzwa lini?"

"Miaka mitano iliyopita. Waliandika kuwa ni goti."

Mwenyekiti akaandika. "Siku ile lilifanya nini?"

"Lilifunguka mara tatu, likarudi. Goti halifunguki mpaka mkono uvutwe. Aliuvuta."

Mwenyekiti akamgeukia binti. "Wewe uliuvuta mara ngapi?"

"Mara nne."

"Goti linasema tatu."

"Nilivuta nne, mheshimiwa. Nilizihesabu."

"Basi mmoja wenu hajui kuhesabu. Goti lina miaka kumi na sita kazini. Wewe una saa mia sita."

Fundi alimwona mkuu wa karakana akiitazama kalamu yake kana kwamba ameandikiwa kitu juu yake. Alijua kuwa akisema linalofuata, anajisema na yeye.

"Ya nne haikunifikia," akasema. "Mafuta yalikuwa yameisha. Mpira ulikuwa umechoka. Nadhani ulitoka kwa Shangazi, nami nikasaini kuwa ni mpya."

Mkuu wa karakana hakukasirika. Alitoa mfuko, akauweka mezani. Fundi akahesabu pini. Zilikuwa tatu. Ndani, mpira uling'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kwanza ya shule.

"Mpira ndio huu," mkuu akasema.

"Niliukata alama ukingoni."

Mwenyekiti akavaa miwani, akauzungusha polepole, mzunguko mzima. "Hauna alama."

"Basi si huo."

"Fomu ina saini ya nani?"

"Yangu."

"Na imeandikwa nini?"

"Mpira mpya."

"Huu ni mpya," mwenyekiti akasema kwa upole. "Kwa hiyo ni huu."

Uamuzi ulitoka wiki hiyo hiyo. Binti alinyang'anywa leseni kwa miaka miwili. Kampuni iliagizwa isimkabidhi ndege rubani mwenye saa chini ya elfu tatu. Goti liliagizwa likaguliwe kila miezi sita, kuanzia mara moja. Mkaguzi alikuja na tochi na rula, akakaa nalo saa mbili. Halikunyooka hata kidogo. Mwishoni akalibandika kibandiko cha manjano: LIMEKAGULIWA. LINAFAA.

Siku ya kumi na nane binti alikuja karakana kurudisha kitambulisho. Alisimama kando ya stuli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ya tatu uliisikiaje?"

"Dhaifu. Ilitetemeka."

"Na ya nne?"

"Sikusikia kitu kabisa."

Binti akatikisa kichwa taratibu. "Hata mimi mkononi sikusikia kitu. Nilidhani ni woga wangu." Alikitazama kibandiko cha manjano. "Angalau mmoja wetu amefaulu."

Alipokwisha kwenda, mtunza stoo alileta kifurushi kipya kilichofungwa vizuri. Fundi akakifungua, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa mpira, taratibu, mpaka ukucha ukanasa.

"Huu niliutoa mimi," akasema.

"Ndiyo," mtunza stoo akasema. "Mpya ulikuwa mmoja tu, na uko kwa tume, umepigwa lakiri. Kielelezo hakitoki."

"Na Shangazi?"

"Shangazi kabaki mifupa."

Mkuu wa karakana akasogea, mikono nyuma. "Funga, Mzee. Ndege inaruka kesho saa tatu na rubani wa saa elfu tano, mtu mzima, usiwe na wasiwasi. Ukifunga, mguu wa ndege unashuka, na wako unanyooka. Au hutaki kutembea?"

"Nataka."

"Basi."

Mkuu akaenda zake. Fundi alibaki na mpira kiganjani. Akiufunga na kusaini, angerudi nyumbani kwa miguu miwili. Asipoufunga, fundi wa kulia alikuwa na spana kama zake, na kalamu.

Kengele ya saa kumi na moja ililia. Akaufuta mpira, akaulaza kwenye kitambaa kando ya zile boliti nane, alama ikielekea juu ili anayekuja aione. Fomu akaiweka hapo hapo, nafasi ya saini ikiwa tupu, akaikandamiza kwa spana isipeperuke. Kisha akachukua gongo lake la kutembelea.

Getini mlinzi aliinama akasoma kibandiko gotini.

"Linafaa?"

"Ndivyo walivyoandika."

Mlinzi akamfungulia mlango mdogo, akamshika kiwiko akivuka kizingiti. "Kesho utawahi, Mzee? Nimesikia inaruka asubuhi."

"Nitawahi," fundi akasema. "Kazi nimeiacha mezani."