Udi wa Zuleikha Wapimwa

Zuleikha, muuza udi wa mtaa wa Mjambere, aliwaapia majirani kwamba udi wake huondoa hofu. Nusaiba, binti wa kaka yake na mwanafunzi wa saikolojia, akamwambia, "Shangazi, tuupime basi."

"Upime! Utaona mwenyewe."

Jumamosi Nusaiba na mwanafunzi mwenzake, Phineas, wakaazima vyumba vya madrasa. Waliojitolea walielezwa kwamba watahutubia watu wasiowajua, na anayetaka kuacha ataacha bila kuulizwa. Kura ikaamua nani aingie chumba chenye udi na nani kisicho na udi. Kabla ya kuhutubia, kila mmoja alitaja kiasi cha hofu yake, kuanzia moja hadi kumi.

Wa chumba cha udi walikuwa watulivu kuliko wenzao kwa mbali! Zuleikha akapiga vigelegele.

"Manze, imeweza!" Phineas akaruka kwa furaha.

Nusaiba naye alikuwa akicheka, mara akamgeukia Zuleikha. "Shangazi, wewe ndiye uliyekuwa ukiwapokea wa udi. Uliwaambia nini?"

"Niwaambie nini? Karibu mwanangu, keti, hapana wa kukula hapa."

"Na wewe, Phineas?"

"Mimi niliwaonyesha viti tu."

"Basi hatujui kilichowatuliza ni udi au ni Shangazi."

Zuleikha akanuna. "Wataka kunivunjia biashara?"

"Nataka tujue kweli."

Wiki iliyofuata wakaita watu wapya, na kura ikawagawa makundi manne. Mawili yalipokewa na Zuleikha, moja lina udi, jingine halina. Mawili yalipokewa na Phineas vivyo hivyo.

Nusaiba alijumlisha alama za hofu. Akarudia hesabu. Kisha akapiga ukelele uliowatoa watu barazani.

"Shangazi, ni wewe! Uliowapokea wametulia, pawe na udi, pasiwe na udi!"

"Wallahi?"

"Wallahi! Ila watu wenyewe wachache, na mpokeaji mwenye maneno mazuri ni mmoja tu. Huenda ni bahati. Lazima turudie kwingine, kwa mpokeaji mwingine."

"Binamu yangu Nduku yuko mtaa wa Shika Adabu," Phineas akadakia. "Ana kikundi cha kina mama kanisani."

Zuleikha alikuwa keshavaa buibui.

"Mpigie simu huyo Nduku, mwambie naja sasa hivi kumfunza kupokea watu. Na udi wangu nitauza vile vile. Si wanukia?"

Wakatoka wote watatu, wakisemeshana kwa pamoja.