Waimbaji Wasioandikwa

Kwa miaka sita mizima, kaunti haikufanya mkutano hata mmoja Kirimene bila Kathure kuufungulia koo. Kirimene ni soko dogo, nusu saa kwa bodaboda kutoka Laare. Lina mabanda ya kufungia miraa, makanisa mawili, shule moja, na fundi wa cherehani mmoja anayejua kushona gauni la harusi bila kumbana mwenyewe. Fundi huyo ndiye Kathure, ambaye sokoni huitwa Mama Kendi. Mkubwa yeyote akija, awe wa maji au wa ng'ombe, Misheck wa ofisi ya wodi alipiga simu: "Mama Kendi, Alhamisi tuko na wageni. Kuja na watu wako, na zile shanga."

Nao walikuja, wanawake kumi na wanne. Waliimba mgeni akichelewa, na wageni wa serikali ni hodari wa kuchelewa. Waliimba akishuka garini. Kisha waliitwa nyuma ya hema wakapewa soda na nusu mkate, huku mkutano wenyewe ukiendelea mbele bila wao. Kathure hakuona ubaya wowote. Tuseme ukweli, alijivunia. Si kila mtu huitwa.

Kilichomwondolea fahari hiyo ni mvua. Kikundi kilifanya mazoezi kila Jumanne alasiri uwanjani, kando ya banda la miraa la Bundi. Mwalimu wao alikuwa Kajuju, bibi wa miaka themanini na mmoja, mkali, aliyekuwa kiziwi wa sikio la kushoto lakini sauti ikipotoka aliisikia kutoka upande wowote. Yeye peke yake ndiye aliyebaki anayeujua wimbo wa langoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni ule wanaouimba wanawake wa upande wa bibi harusi wakiwa wamefunga lango, wakimuuliza anayebisha: wewe ni nani, mtoto wa nani, umetoka wapi? Lango halifunguliwi mpaka mgeni ajibu kwa jina lake. Wimbo una beti tisa. Siku hizi watu huimba mbili, wanacheka, wanafungua.

Kajuju alikuwa amewafundisha nne mvua ya Machi ilipowakuta. Alikataa kukimbia kabla ubeti haujaisha. Wiki iliyofuata alilazwa kwa homa ya mapafu. Alipotoka, mwanawe Ishmael alikuja dukani kwa Kathure, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mama Kendi, mimi nakuheshimu. Lakini mama haimbi tena nje. Mkipata mahali pako na paa, nitamleta mwenyewe. Bila paa, basi."

"Tunaweza kuja kwenu, awe anatufundishia jikoni."

"Nilimwambia hivyo. Akaniuliza, jikoni nani atakuwa ndani na nani atakuwa nje? Anasema huo si wimbo wa kuimbiwa sufuria."

Beti tano zilikuwa zimebaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akikohoa.

Na paa lilikuwepo, hilo ndilo lililomkera. Hatua mia moja kutoka dukani kwake ulisimama ukumbi wa serikali, wa mawe, uliojengwa enzi za kaunsili, kabla ya kaunti. Mlango ulikuwa na kufuli. Ndani mlikuwa na viti vilivyovunjika, mabango ya barabara, na popo waliokaa bila kulipa kodi. Mabati yalikuwa yametoboka upande mmoja. Kathure akajifunga leso kichwani akaenda kwa Mugendi, msimamizi wa wodi, kijana wa Embu aliyeoa huku Meru na aliyependa kila kitu kifuate utaratibu.

Mugendi hakumzungusha. Alifungua kabati, akatoa ripoti tatu, akazigeuza zimwelekee mgeni wake.

"Siwezi kufungua ukumbi unavuja, Mama Kendi. Lazima utengenezwe kwanza. Na kutengenezwa ni mambo ya bajeti, na bajeti inatoka kwa public participation, hii mikutano ya maoni. Kitu wananchi hawajasema, mimi siwezi kuandika. Soma hapa."

Kathure akasoma. Maji: maoni thelathini na moja. Barabara: ishirini na sita. Zahanati, miraa, taa za soko. Mstari wa chini kabisa ulisema: Sanaa na utamaduni, hakuna maoni. Akafungua ripoti ya mwaka wa nyuma yake. Hakuna maoni. Ya tatu vilevile.

"Lakini sisi tulikuwa hapo," alisema. "Hii mikutano yote. Mimi ndiye nilifungua."

"Mlikuwa. Hata picha ziko." Mugendi akafunua ukurasa wa mwisho, na kweli walikuwepo, kwa rangi, shanga shingoni, vinywa wazi. "Lakini kwa orodha ya waliohudhuria hamko. Hakuna mtu wenu ameandika jina, wala ID, wala sahihi. Watu wakiulizwa wanataka nini, nyinyi mlikuwa..." Alitafuta neno la heshima akalikosa.

"Tulikuwa tunakunywa soda," Kathure akammalizia.

Alitoka pale na hasira isiyokuwa na pa kutua. Mugendi hakuwahi kumfukuza mezani. Misheck naye hakuwahi kumwambia asiandike. Miaka sita alipita kando ya ile meza yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, mbio mbio akapange sauti, na hata siku moja hakuinama. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ni fundi wa nguo.

Mkutano mwingine wa maoni ulikuwa Alhamisi, na Misheck alikuwa ameshapiga simu. Jumanne Kathure aliwakusanya wenzake dukani. Walikaa hata juu ya majora ya vitambaa.

"Tutaenda," aliwaambia, "lakini hatuimbi. Tunavaa nguo za kawaida, tunaandika majina, tunakaa kwa viti kama watu."

"Tukikataa kuimba hawatatuita tena," alisema Purity, muuza mboga. "Watachukua wale vijana wa Laare wako na spika."

"Wachukue."

"Ni rahisi kusema, Mama Kendi. Mimi hapo ndio mahali pekee watu hunipigia makofi."

Purity alikuwa amesema la wote. Hata Kathure lilimchoma. Kitu pekee ambacho serikali iliwahi kumpa ni kumwita, na sasa alitaka kukitupa, na huenda paa nalo lisije.

"Naogopa kama wewe," alisema. "Tunaweza kukosa yote mawili. Lakini Kajuju anakohoa."

Carol, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekata shauri. Aliuliza kama kila mtu alikuwa na kitambulisho, na mjadala ukaishia hapo.

Alhamisi Misheck aliwakuta kwenye foleni ya meza, mikoba mkononi.

"Mama Kendi, shanga ziko wapi?"

"Nyumbani."

"Na nyimbo?"

"Ziko huko na shanga. Nipitishie hiyo kalamu."

Mkurugenzi kutoka makao makuu ya kaunti, mama mwenye suti ya kijani, alifika saa mbili baada ya wakati. Gari lilisimama, mlango ukafunguka, kisha ukarudishwa nusu. Bila shaka alidhani amepotea njia, maana alikuwa hajawahi kushuka mahali penye kimya namna ile. Misheck alijaribu kuanzisha makofi. Mbuzi mmoja alimjibu.

Sala ikafanywa, kisha maoni yakaanza, dakika mbili kwa kila mtu. Maji. Barabara. Maji tena. Ilipofika zamu ya Kathure, ile sauti ambayo haikuwahi kumwangusha ilimwangusha. Katika kuimba una wenzako nyuma yako, na katika kusema uko peke yako.

"Naitwa Kathure. Mimi ni fundi wa nguo. Naomba ukumbi utengenezwe, tupate kufanyia mazoezi, na watoto wa shule wajifunze. Ni hayo tu."

Akaketi na dakika yake moja na nusu mkononi. Bundi, mwenye banda la miraa, akasimama.

"Mimi sina ubaya na huyu mama. Lakini barabara kwanza. Miraa yetu inaharibikia kwa matope. Nyimbo hazijazi tumbo."

Wanaume wakapiga makofi. Kathure akasimama tena.

"Bundi, harusi ya msichana wako, Disemba. Wale wageni walisimama langoni muda gani?"

"Kama dakika tano."

"Na baadaye uliniambia nini pale dukani?"

Bundi aliitazama kofia yake.

"Nilisema walimchukua kama watu wamekuja kubeba gunia."

"Beti ziliisha, Bundi. Tulikuwa tunajua mbili tu. Zingine ziko kwa Kajuju, na Kajuju hana mahali pa kutufundishia."

Bundi hakuketi upesi. "Barabara bado naitaka," alimwambia karani. "Lakini hata huo ukumbi, andika."

Carol akasimama, akataja jina lake, akaomba ukumbi. Purity akasimama, akaomba ukumbi. Wa tano alipoinuka, karani aliuliza kama angeweza kuandika mara moja kwa niaba ya wote.

"Barabara uliandika mara ngapi?" Kathure alimuuliza. Karani akainama akaendelea kuandika.

Wa mwisho kuingia alikuwa Kajuju, koti zito hadi magotini, akiwa amemshika Ishmael mkono. Hema nalo ni paa, Ishmael alikuwa amekubali. Bibi aliandika jina lake herufi moja moja, na mkurugenzi mzima akangoja.

"Sitaki pesa," Kajuju alisema. "Nataka paa. Nina beti tano." Akarudi kwa mwanawe.

Mkutano ulipofungwa, mkurugenzi alitabasamu akawageukia. "Sasa, akina mama, hamwezi kutuimbia hata kidogo tukienda?"

Koo lilimwasha Kathure. Angeimba pale pale, kwa furaha, bila soda.

"Tutaimba, mkurugenzi. Ndani ya ukumbi. Karibu sana."

Ilichukua miezi kumi na mmoja. Mara nne Kathure alikwenda kwa Mugendi kuuliza, na mara mbili alikwenda hospitali kumtazama Kajuju, na safari hizo mbili ndizo zilizomnyima usingizi. Lakini ripoti ilipotoka, mstari wa chini ulisema: Sanaa na utamaduni, maoni kumi na sita. Kisha mafundi wakaja. Popo wakahamishwa, mabati mapya yakapanda. Vioo vya madirisha havikufika, na umeme ukaahidiwa mwaka mwingine wa fedha. Ishmael alimleta mama yake Jumanne ya kwanza, kama alivyoahidi, akambebea kiti, na Jumanne baada ya Jumanne bibi akawafundisha zile beti zilizobaki.

Siku ya ufunguzi rasmi mkurugenzi alikuja mapema, akakuta mlango umefungwa. Bundi, Misheck na nusu ya soko walikuwa nje. Mugendi akabisha.

Ndani, Kajuju akainua wimbo, na wanawake kumi na wanne wakaupokea kwa miguu hadi vumbi la saruji likapanda. Wewe ni nani unayebisha? Mtoto wa nani? Umetoka wapi? Kathure alikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Alisikia mkurugenzi akinong'ona, na Mugendi akimjibu kwamba lazima aseme, hawafungui hivi hivi.

"Mimi ni Karimi," sauti ikasema nje. "Binti wa Njoka. Kutoka Kaaga."

Ubeti wa pili, wa tatu, wa nne. Ubeti wa tano Kathure aliimba machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Walipofika wa tisa nje walikuwa wakijibu wote, na Bundi alikuwa ametaja jina lake mara tatu bila kuulizwa. Kathure akamtazama Kajuju kuona kama sasa inatosha.

Kajuju alikuwa ameugeuzia mlango sikio lake la kushoto.

"Sijamsikia yule wa serikali," alisema. "Mwambie arudie."

Mkurugenzi akarudia jina lake, kwa sauti, na Kathure akaondoa komeo.