Kamati ya Simu Huria

Mubina alikuwa fundi simu wa Kilwa Masoko. Alifanyia kazi kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, Saifuddin, na watu walimjua kwa mikono myepesi na ulimi usio na breki. Simu za kupangusa za aina moja, walizokuwa nazo wakulima wengi wa korosho, zilipoanza kukataa programu, wauzaji walisema zimekwisha, watu wanunue nyingine. Mubina aliwaita waongo mbele za watu. Akatafuta mtandaoni mpaka akapata mfumo huria wa kuendeshea simu, unaoandikwa na watu wa kujitolea, ulio wazi kwa yeyote kuuchungulia na kuurekebisha. Akaziflashi simu zile, yaani akafuta mfumo wa zamani na kuziwekea huo, zikafufuka.

Kumbe aliyeutunza mfumo huo kwa simu za aina ile alikuwa mtu mmoja tu, Faustino, wa Pemba ya Msumbiji. Siku moja akaandika, kwa Kiswahili cha kuungaunga, kwamba toleo jipya lina kasoro: ukipiga simu, wa upande wa pili hakusikii. Simu yake ya majaribio ilikuwa imekufa. Asipopata watu wa kumjaribia na kumweleza wanachokiona, ataacha.

Mubina akawatangazia wateja wake, na hapo akajitokeza Bashiru, mtu wa vikao. Ndani ya wiki moja kukawa na kamati yenye mwenyekiti, ambaye ni yeye, makamu wake na katibu. Zikachapishwa fulana za kijani. Likafunguliwa kundi la WhatsApp, likajaa maua na salamu za Ijumaa. Mubina alipouliza humo nani ameshajaribu toleo jipya, makamu alimjibu kwa picha ya kikombe cha chai. Mubina akazima simu kwa hasira, akasema peke yake kwamba watu hawa wangeundia kamati hata kupiga chafya.

Aliyekuja dukani kujitolea ni Bi Somoe, mkulima wa Miteja, mwanamke wa miaka sitini na kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnatafuta simu ya kuharibu. Yangu hii hapa."

Mubina akamwekea toleo jipya. Kila asubuhi Bi Somoe alimpigia mwanawe aliyeko Lindi, kisha akamtumia Mubina ujumbe wa sauti kueleza kilichotokea. Simu ikiwa sikioni, mwanawe hasikii kitu. Akiweka spika, anasikia. Akichomeka visikilizio na kuvichomoa, anasikia hata simu ikiwa sikioni. Mubina alipoandika hilo la mwisho, Faustino alijibu saa ileile kwamba sasa amejua pa kushika. Akaleta toleo, likashindwa. Akaleta la pili, likashindwa pia. La tatu, mwana alimwomba mama yake apunguze sauti, maana mama alikuwa amezoea kupiga kelele ili asikike.

Kwenye maelezo ya toleo lile Faustino aliandika kwamba limejaribiwa na Somoe wa Miteja. Bashiru akafika dukani na fulana yake, amenuna, akitaka kujua kwa nini kamati haikutajwa.

Mubina hakuinua macho. "Kamati haina sikio, Bashiru. Aliyesikiliza ni bibi."

Bashiru, kwa sauti ya chini, akaomba na yeye awekewe toleo jipya. Mubina akamwekea, akamrudishia simu pamoja na karatasi na kalamu ya kuandika anachokiona, akamwonyesha mfuko wa saruji wa kukalia. Baada ya muda mwenyekiti akaleta karatasi yenye maneno matatu: iko vizuri sana.

"Vizuri ndiyo nini? Umempigia nani, na yeye kasikia nini?"

Wateja waliokuja kununua misumari wakageuka kutazama. Bashiru akarudi kwenye saruji, akampigia mkewe, akamuuliza kama anasikika, akaweka spika, akauliza tena. Safari hii aliandika mistari mitano. Mubina akaisoma, akasahihisha tahajia, akaituma kwa Faustino ikiwa na jina la Bashiru. Cheo chake hakukiandika.