Kibao cha Nane cha Akina Holloman

Keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo iligonga mwamba futi moja unusu chini, ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikagoma. Nelda Sprayberry akaizima, akapiga magoti kando ya barabara na kuendelea kwa mtaimbo. Shimo lilitakiwa futi tatu. Saa tatu ya asubuhi tu, na jua lilikuwa limeshamkaa kisogoni. Malori ya kubeba maji ya visima vya mafuta yalipita moja nyuma ya jingine, na kila moja lilimwachia vumbi lake, jeupe, la kuingia mpaka kwenye meno.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia kwenye idara ya barabara ya Kaunti ya Burdett. Alifyeka majani, alisimika alama za kusimama na za mwendo, alizibua makalvati. Na kila Kamati ya Historia ilipoleta kibao kipya cha kumbukumbu, aliyechimba shimo ni yeye. Vibao saba mpaka sasa. Nyumba ya mawe ya akina Holloman. Kanisa la akina Holloman. Josho la ng'ombe la akina Holloman, ambalo sasa ni shimo la saruji lenye nyoka. Hata mti mmoja, eti babu yao mmoja aliwahi kuutundikia kengele. Mtu akitaka kujua nani ana visima vya mafuta katika kaunti hii hana haja ya kwenda mahakamani kusoma hati. Apite barabarani asome vibao.

Nelda alikuwa akivisoma. Kila akipita na gari la kazi alipunguza mwendo na kukisoma kibao kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi, anajua litauma na bado anaugusisha. Lakini leo alikuwa na haraka na shimo hili, kwa sababu kibao cha nane kilikuwa cha kisima chenyewe. Kisima cha kwanza. Na hicho kilimhusu.

Hadithi ya kisima kwao waliijua hivi. Mwaka elfu moja mia tisa ishirini na sita, babu yake, Otho Sprayberry, kijana wa miaka kumi na tisa, aliajiriwa kuendesha mkokoteni wa nyumbu wanne uliobeba mbao za mnara wa kuchimbia mafuta. Mtaalamu wa miamba alikuwa ameshapigilia kigingi cha mahali pa kuchimba, maili mbili mbele. Walipofika kwenye bonde la mchanga, nyumbu wakalala chini na minyororo yao. Wenye kazi wakasema wachapwe. Otho akakataa. Akakaa nao siku mbili, akiwanywesha kwa kofia yake, mpaka fundi mchimbaji, ambaye analipwa kwa siku za kuchimba tu na amechoka kungoja, akasema basi, tutachimba hapahapa. Wakachimba hapahapa, mafuta yakatoka. Miaka mitatu baadaye wakachimba pale kwenye kigingi cha mtaalamu. Pakavu kabisa.

Kwa hiyo kila dola ya akina Holloman, kila dirisha la nyumba ile, ilitokana na kijana aliyekataa kuchapa nyumbu. Yeye alilipwa mshahara wa wiki na kuambiwa asante. Nelda alikulia kwenye hadithi hiyo na leo aliishi kwenye trela, kwenye kiwanja cha akina Holloman, ambacho kodi yake ilikuwa imepanda mara mbili tangu wafanyakazi wa visima wamiminike. Mwezi uliopita alipolalamika, karani wao alimwambia kwa upole kabisa, "Mama, kuna vijana watatu wanangoja nafasi yako."

Mwaka uliopita aliandika barua kwa Kamati ya Historia, kurasa mbili, kwa mkono. Akaambatanisha picha ya Otho na nyumbu wake. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Corinne Holloman, aliyesoma naye darasa moja. Walipokutana mlangoni pa kanisa, Corinne alimshika mkono. "Nimeisoma barua yako, mpenzi. Nitaona la kufanya." Tangu siku hiyo Nelda alikuwa amebeba maneno hayo kama mtu aliyeficha yai mfukoni.

Shimo lilipofika futi tatu alikwenda kwenye gari, akang'oa misumari ya sanduku, akafunua karatasi. Kibao kilikuwa cha alumini, herufi zimeinuka, zinang'aa. Alisoma akifuatisha kidole.

Lucian Holloman alichagua mahali hapa. Lucian Holloman alithubutu. Fundi mchimbaji ametajwa kwa jina. Kampuni imetajwa. Benki iliyokopesha imetajwa. Kwenye mstari wa tisa: vifaa vililetwa na mwendesha nyumbu wa kuajiriwa.

Akasoma tena kuanzia juu, labda ameruka mstari. Hakuruka.

Kilichompanda hakikuwa huzuni. Angeijua huzuni. Kilikuwa kile cha darasa la nne, siku mwalimu alipowaambia walete kitu cha historia, Corinne akaleta chupa ya mafuta ya kwanza imefungwa kwa utepe, na yeye akasimama na hadithi yake tupu, na mwalimu akasema, "Vizuri, Nelda, lakini umeleta nini?" Alitamani viatu vya Corinne siku hiyo. Alitamani chupa. Leo alitamani vyote, geti, nyumba, hata mti wa kengele, na alijichukia kwa kuvitamani, na bado akavitamani.

Corinne alifika saa saba na vijana wa kupanga viti. Blauzi yake ilikuwa nyeupe na haikuwa na chembe ya vumbi, sijui aliwezaje.

"Nelda, umechimba vizuri. Ila ungekisogeza kidogo kushoto, mpenzi, nyumba yetu itokee kwenye picha."

"Shimo liko hapa, Corinne."

"Basi sawa. Tutapigia picha upande ule."

Nelda aliendelea kukoroga zege kwenye toroli. Hakumtazama. "Jina la babu halimo."

Corinne akashusha pumzi. "Nilijua utauliza. Si mimi, ni ofisi ya jimbo. Wanataka ushahidi. Ile picha nyuma haina maandishi, inaweza kuwa mtu yeyote na nyumbu wowote."

"Na hili la kwamba Lucian alichagua mahali, ushahidi wake ni upi?"

"Mama alilieleza. Walimrekodi maktaba mwaka sabini na nane. Kanda iko kwenye faili."

"Mama yako alisema kwa mdomo."

"Kwenye kanda."

"Na baba yangu alisema kwa mdomo kila Jumapili mpaka anakufa."

"Naamini, mpenzi. Lakini kuna mtu alimrekodi?"

Aliuliza kwa wema kabisa, kama mtu anayeuliza kama umekula. Nelda akamwaga zege shimoni kuizunguka nguzo ya kibao. Hakukuwa na mtu aliyewahi kwenda na kinasa sauti kwenye trela.

Royce Dillahunty, bosi wake wa barabara, alisimamisha gari bila kuzima injini na kuongea dirishani. "Nelda, kokoto usishindilie mpaka wageni waondoke. Sitaki kelele. Na hakuna saa za ziada. Saa kumi na nusu kamili hilo gari liwe kwenye yadi."

"Sherehe inaisha saa ngapi, bosi?"

"Inaisha ikiisha."

"Sasa hayo mawili nitayafanyaje pamoja?"

"Wewe mtu mzima, utajua," akasema Royce, akapandisha kioo.

Sherehe ilikuwa ianze saa tisa. Jaji wa kaunti alichelewa, ikaanza saa kumi kasoro dakika kumi. Watu kama arobaini, wengi wenye kofia nzuri, Royce kati yao, na wanaume wawili wa kampuni ya mafuta waliogharamia viti na nyama ya kuchoma. Nelda alisimama nyuma kando ya toroli lake, viganja vimepasuka kwa saruji. Msichana wa maktaba, Yesenia Baeza, alikuwa ameweka kinasa sauti juu ya kiti cha mbele. "Kwa ajili ya faili," alimwambia kila aliyeuliza. Jaji alivuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Corinne akasoma kibao chote kwa sauti, na alipofika mstari wa tisa hakupunguza wala kuharakisha.

Kisha mwanaume mmoja wa kampuni akacheka na kusema, "Nasikia kulikuwa na kisa cha nyumbu."

"Kipo," akasema Corinne, uso umemng'aa. "Na mjukuu wa yule mwendesha nyumbu ni huyu hapa. Nelda, njoo uwape kile cha nyumbu. Ni kitamu sana. Fupisha kidogo tu, kuna joto."

Vichwa arobaini viligeuka. Yesenia akakishika kinasa sauti na kukielekeza kwake, taa nyekundu inawaka. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi, na Nelda aliijua. Angesema jina, lingeingia kwenye faili. Lakini aliwaona wamekaa na sahani zao, midomo iko tayari kucheka, na akamwona Corinne amekunja mikono tumboni kama mwenye duka anayeonyesha mali. Kwenye alumini hawakumtaka Otho. Walimtaka wakati wa nyama.

"Mimi sina kisa," akasema. "Kibao kimesema mwendesha nyumbu wa kuajiriwa. Basi ni huyo."

"Jamani Nelda, usione haya."

"Sioni haya."

Yesenia alimtazama na kumwashiria kwa kichwa polepole, kama anamwomba aseme. Nelda akaangalia pembeni.

"Basi nitajaribu mimi," akasema Corinne, akakigeukia kinasa sauti. "Babu Lucian alikuwa na nyumbu wanne, wakaidi hao, na kijana wake mmoja wa kazi asiyeweza kuwaendesha. Wakalala mchangani. Kijana akaanza kulia. Babu akaja na farasi wake, akatazama lile bonde, akasema—"

Watu walishaanza kucheka. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, na kila neno lilikuwa linaingia mle ndani na kugeuka kuwa ushahidi.

Nelda akatazama saa yake. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Akaishusha mashine ya kushindilia kokoto kutoka garini, nzito, ikamgonga paja. Akaisukuma kupita katikati ya viti, "samahani, samahani," mpaka kwenye nguzo. Royce akainuka nusu kwenye kiti chake.

"Nelda, nilisema wakiondoka."

"Ulisema hakuna saa za ziada, bosi."

Akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, ikashika. Sahani zikaanza kutetemeka mapajani mwa watu, kokoto zikaruka, vumbi jeupe likapanda na kutulia kwenye ile blauzi. Mdomo wa Corinne ulikuwa bado unakwenda, lakini hakuna kilichosikika. Yesenia alikisogeza kinasa sauti sikioni, akasubiri, kisha akabonyeza kitufe na taa ikazimika.

Royce alikuwa anakuja, mkono juu. Nelda alijua atamwambia nini, na alijua kodi ya kiwanja inalipwa tarehe ngapi. Aliizungusha mashine pande zote za nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, kama kazi inavyotakiwa. Na ndani ya ule mngurumo akafungua mdomo na kuanza kukisema kisa tangu mwanzo, jina la Otho kamili na majina ya nyumbu wote wanne, kwa sauti yake yote, na hata yeye mwenyewe hakuisikia.